Ukurasa wa Wiki Ijayo

Kila Jumatatu, kabla mboga hazijapangwa kibandani, simu ya Gathoni hulia, naye huacha kisu juu ya sukuma wiki na kukimbilia kusoma. Ni Madam Magdaline, mwalimu wa Gredi ya Tatu, anawajulisha wazazi watoto watafundishwa nini wiki hiyo. Safari hii ilikuwa hesabu, kuzidisha kwa tatu. Kusoma, hadithi ya sungura na kisima. Na Ijumaa wazazi waje wasikilize. Gathoni aliwasomea wateja ujumbe huo hadi nusu ya mtaa wa Skuta ikasikia, utadhani mtoto ameitwa chuo kikuu.

Na kwa nini asijigambe? Mwanawe Wamucii alisoma hata bila kitabu. Akiosha vyombo anasoma, akimenya viazi anasoma, macho yako dirishani na sungura yuko kisimani, neno kwa neno.

"Huyu ata kitabu hahitaji," Gathoni aliwaambia wateja. Maskini mama! Aliona fahari pale alipopaswa kuona hatari, na hakuna aliyemzindua, kwa sababu watoto wao nao walisoma hivyo hivyo.

Ijumaa wazazi walibanana darasani kwenye viti vya watoto, magoti karibu yaguse videvu. Watoto waliimba kuzidisha kwa tatu mpaka mabati yakatetemeka. Mzazi mmoja aliuliza tatu mara saba ni ngapi. Watoto wakaanza wimbo upya kutoka mwanzo ndipo wafike. Watu wakacheka, wakaona ni utundu wa watoto.

Kisha ikaja kusoma. Mwai, mwana wa Kingori mwenyekiti wa wazazi, alisoma sungura wake bila kukwama, na Kingori akageuka kuwatazama waliokaa nyuma kama mtu aliyeshinda kura. Wamucii akafuata. Sauti ilipanda, ikashuka, ikatua panapostahili. Makofi yakapigwa.

Lakini makofi sawa na ya mtoto wa Kingori hayakumtosha Gathoni. Mpanda ngazi hushuka, ila yeye alikuwa bado anapanda.

"Wamucii, fungua ukurasa inayofuata. Wasomee hiyo pia."

Wamucii alifungua. Alimtazama Madam, akakitazama kitabu, kisha akaanza kwa sauti ile ile nzuri: "Hapo zamani sungura alikwenda kisimani..."

Gathoni aliinuka, akaweka kidole chini ya neno la kwanza.

"Hii inasema nini?"

"Hapo."

Neno lilikuwa "mvua".

"Huo ni wa wiki ijayo," Madam Magdaline alisema upesi. "Hatujafika."

"Ni ya wiki ijayo, Mama Wamucii!" Kingori alidakia, na wazazi wakacheka kwa nguvu, kicheko cha watu walioponea chupuchupu.

"Basi Baba Mwai, mwambie Mwai aisome," Gathoni alimjibu.

Kingori alikifunga kitabu kilichokuwa mbele ya mwanawe, akakikalia. "Leo ni siku ya kufurahi. Usituharibie."

Wengine nao wakaanza kufunga vitabu, mmoja mmoja, bila kutazamana. Gathoni alimgeukia mwalimu.

"Madam, hawa watoto wanajua kusoma?"

Madam Magdaline alifuta chaki mikononi. Alionekana mchovu kuliko umri wake. "Kitabu ni moja kwa watoto watano, Mama Wamucii. Wengine wanakiona juu chini. Mimi nasoma, wao wanafuata. Nyinyi mkikuja mnataka kusikia wakisoma, na mnasikia. Kuna siku mliniuliza kitu ingine?"

Gathoni hakuwahi kuuliza.

Njiani alitembea mbele, mtoto nyuma. Alimchukia Kingori, akamchukia Madam, lakini zaidi alijichukia mwenyewe: alikuwa amemsimamisha mwanawe mbele ya watu na kumvua nguo, ili tu apate makofi ya ziada. Alitaka kuomba msamaha na hakujua mtu huanzia wapi kumwomba mtoto wa miaka minane. Machozi yakamtoka.

Wamucii alikimbia, akamfikia, akamshika mkono.

"Mum, usilie. Si ungeniambia jana ati utauliza ukurasa hiyo? Madam angenisomea mara mbili tu, ningeshika yote."