Inhela ya Baba

Binti alikuwa akipangusa inhela ya baba yake, kile kifaa cha kuvutia dawa ya pumu, kwa kitambaa kikavu, kidole kikateleza kwenye kitufe cha pembeni. Tak! Namba ya dozi ikashuka kwenye kidirisha, ilhali hakuna aliyevuta unga wa dawa uliomo.

Wiki nzima mzee alikuwa akihema kwa shida, naye binti akimwambia, "Namba inashuka, baba. Dawa unapata. Acha kudeka."

"Baba, ulikuwa unavuta kweli?"

Mzee akacheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi. "Nilikuwa nabonyeza tu, mama. Kifua hakina nguvu ya kuvuta. Na wewe ukiingia, macho kwenye namba, kama uko kazini unasoma mita za maji."

"Si ungeniambia?"

"Nilikuambia sipati nafuu. Ukanisomea namba."

Binti aliweka kitambaa kando. Akaketi kitandani, akasikiliza mluzi uliokuwa ukitoka kifuani mwa mzee siku zote hizo. Kisha akampa inhela, akamshika mgongo.

"Toa pumzi yote kwanza. Sasa vuta kwa nguvu."

Mzee alivuta, pumzi ikakatika njiani, unga mwingine ukabaki mdomoni.

"Nimechoka, mama."

"Pumzika, baba. Kesho asubuhi twende kliniki, watufundishe sote wawili."