Sufu ya Bluu

Sijawahi kumpenda Fintan Ruane, na nasema hivyo mapema ili mtu asije akadhani nimebadilika. Yeye ndiye aliyefunga kwa seng'enge lango la njia ya kwenda ziwani, njia ambayo watu wa bonde letu la Glenamurra wameipita tangu babu yake hajaota ndevu. Eti mbwa wa mgeni mmoja aliwakimbiza kondoo wake wenye mimba. Mume wangu Lorcan ndiye aliyekuwa akiwapeleka wageni ziwani. Lango lilipofungwa akaanza kuwazungusha kwa juu, kwenye magenge, na haukupita mwezi akateleza. Tulimtafuta siku mbili kwenye ukungu. Aliyetuonyesha alipo ni mbwa wetu Cap, wakati huo hata miaka miwili hajatimiza, akibweka kutoka chini kabisa. Alikuwa amelala juu ya kifua cha maiti, na mtu wa kwanza aliyesogea alimng'ata mkono mpaka mfupa ukaonekana.

Miaka sita imepita. Katika miaka hiyo sita sikumwambia Ruane hata neno moja. Kanisani nilimpita kama ninavyopita nguzo.

Wageni hawakuacha kuja. Mimi sina magoti ya kupanda milima, kwa hiyo nikawafungulia onyesho la mbwa. Basi hufika saa tano asubuhi, wanakaa kwenye marobota ya nyasi kavu, wanakunywa chai na kula skonzi zangu, halafu nampigia Cap mluzi. Mluzi mmoja anapanda mlima, mwingine anakata kushoto, mwingine kulia. Mluzi mrefu unaoshuka chini maana yake lala, na akiusikia hulala palepale hata kama yuko katikati ya mto. Nimeona watu wazima wakifuta machozi. Walikuja kutoka mbali kumwona mbwa mmoja mweusi mwenye shingo nyeupe, na sikuwalaumu, maana hata mimi nilikuwa sina kingine.

Mwaka huu, msimu wa kondoo kuzaa ulipoanza, kondoo wa Ruane wakaanza kuuawa. Mbweha huchukua mwanakondoo mmoja akaenda zake. Huyu aliua kwa raha. Ruane alikuta majike matatu koo zimechanwa, wana wametapakaa utumbo nje, na jike moja likitembea bado, nusu ya uso haipo, likimwita mwanawe. Wiki mbili, vichwa kumi na moja. Bonde zima likaanza kulala na bunduki karibu.

Kwetu sheria ya jambo hilo haijaandikwa popote na kila mtu anaijua. Mbwa akishaonja damu ya kondoo hana dawa. Mchovya asali hachovyi mara moja. Akishikwa, mwenye mbwa humpiga risasi mwenyewe, siku hiyohiyo, na baada ya hapo hakuna anayelitaja jina lake. Mwenye kushindwa kumpiga mbwa wake hasaidiwi tena na mtu, si kukata nyasi, si kuzika.

Nikasikia Ruane anamtaja Cap. Nikacheka. Cap analala bandani, nilisema. Ni kweli komeo la banda lilivunjika tangu Krismasi na mlango nilikuwa naufunga kwa kamba, na asubuhi nyingine nilimkuta miguu imelowa mpaka kifuani. Umande, nilijiambia.

Alhamisi moja nilikuwa na watu thelathini wa Stuttgart kwenye marobota. Cap alikuwa ndiyo kwanza ameshusha kondoo ishirini kutoka mlimani, kawalaza mbele ya zizi, na watu wanapiga makofi. Nikamwona Ruane anavuka shamba langu, bunduki ya mitutu miwili kwapani, gunia begani, na mbwa wake jike, Tess, nyuma ya visigino. Hakunisalimu. Alilimimina gunia miguuni pa wageni: wanakondoo wawili, mmoja hana kichwa. Mama mmoja aliangusha kikombe, skonzi ikazama kwenye damu.

"Haya, si mnapenda maonyesho?" aliwaambia. "Tazameni na hili!"

"Fintan, toka shambani kwangu."

"Nitatoka nikishamaliza na yule." Alimwonyesha Cap kwa kidevu.

"Mbwa wangu analala bandani."

"Bandani! We mwanamke, banda lako lina mlango wa kamba, hata kuku anajua kuufungua. Dada yangu kamwona leo alfajiri anavuka mto. Mweusi, shingo nyeupe."

"Nusu ya mbwa wa jimbo zima la Mayo ni weusi wenye shingo nyeupe. Huyo wako je? Wa kijani?"

"Usinichezee, Attracta. Nimezika kumi na moja."

"Mimi nimezika mmoja," nikamwambia, "na wewe unajua kwa nini."

Akainua bunduki. Sikufikiri. Nilikuwa na fimbo yangu ya kuchungia, ile yenye kichwa cha pembe ya kondoo dume, na nilimchapa nayo shavuni kwa nguvu zote za miaka sita. Mfupa ulilia. Bunduki ikalia, risasi ikaenda angani, kondoo wakatawanyika, wageni wakalala chini wote kama waliopigiwa mluzi. Ruane alinirudishia kwa kitako cha bunduki. Nilikinga kwa mkono wa kulia na nikasikia kifundo kinavunjika, sauti ndogo tu, kama ukuni mkavu. Nina miaka hamsini na nane. Nilimrukia, tukaanguka pamoja kwenye matope na mavi ya kondoo, nikamng'ata mkono na sikuachia hata aliponivuta nywele. Nilionja damu yake na nilifurahi.

Aliyetutenganisha ni Eunan, dereva wa basi, mtu wa bonde letu, aliyecheza beki wa mpira wa magongo mpaka magoti yakakataa. Alitunyanyua mmoja huku, mmoja kule. Akachukua bunduki, akatoa ganda tupu na risasi iliyobaki.

"Hamna haya? Mnataka kuuana mbele ya wageni?"

"Kaanza yeye!" tulisema wote wawili, na Eunan akatema mate.

"Attracta, una magadi ya kufulia?"

Tulimwelewa. Kipande cha magadi, ukubwa wa kidole gumba, ukikisukuma kooni mwa mbwa, kila alichokula tangu alfajiri kinarudi mbele ya mashahidi. Wazee walifanya hivyo, na hakuna aliyewahi kubishana na matapishi.

"Mpe wake," alisema Ruane, akishika shavu.

"Wote wawili," nikasema mimi.

"Tess? Tess analala chini ya kitanda changu!"

"Basi unaogopa nini?"

Akacheka, meno yamejaa damu. "Lete. Nampa mwenyewe, na wa kwanza, ili aibu ikikupata uwe peke yako."

Eunan alileta magadi kutoka jikoni kwangu. Ruane alimshika Tess taya kwa upole ambao sikujua anao, akasukuma kipande, akamkanda koo. Tulisubiri. Wageni walikuwa wamesimama tena, hakuna aliyeondoka, na kijana mmoja akawa anapiga picha mpaka Eunan alipomtazama. Tess akaanza kutikisika mbavu. Kwanza ulitoka uji wa njano. Halafu likatoka bonge, na bonge lilipofunguka kwenye nyasi tukaona sufu, bado ina kipande cha ngozi, na juu ya sufu rangi ya bluu. Kondoo wangu huwatia alama nyekundu. Bluu ni ya Ruane.

Nilicheka. Mkono wangu unaning'inia umevunjika na mimi nacheka mpaka machozi.

"Nyani haoni kundule! Chini ya kitanda, Fintan? Kitanda chako kina mlango wa nyuma? Waambie wageni! Waambie nani alikuwa anakula kondoo wako!"

Ruane alikuwa amepiga magoti, anaichokoa ile sufu kwa kidole, kana kwamba chini yake atakuta kitu kingine.

"Namtoa nje alfajiri nikiwasha moto," alisema, si kwangu. "Dakika chache tu. Namtoa tu."

"Attracta," akasema Eunan. "Bado Cap."

"Cap wa nini tena? Si umeona?"

"Tulisema wote wawili."

Mkono wa kushoto peke yake haukuweza, kwa hiyo Eunan ndiye aliyempa. Cap alinitazama mimi wakati wote huo, na mkia wake ulikuwa unapiga chini, maana alidhani ni sehemu ya kazi. Nilikuwa bado nina kicheko mdomoni. Akatapika sufu, nyingi kuliko ya Tess, bluu tupu, na ndani ya sufu kwato moja ya mwanakondoo, laini bado, ya aliyezaliwa jana.

Nilijua basi, na nadhani nilikuwa nikijua tangu Krismasi. Mbwa mmoja hukimbiza, wawili huua. Kwenye waya wa chini wa lile lango nilikuwa nimeona nywele nyeusi zimenasa, nikadhani ni za mbwa wa mbali, za mbwa wa wapanda milima, za shetani. Sisi wawili tulikuwa hatusalimiani kwa miaka sita, na mbwa wetu walikuwa wanakutana pale kila alfajiri, wanapita chini ya seng'enge kwenda kuua pamoja. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu nilikipikia uji.

Mama aliyeangusha kikombe aliuliza kama hakuna daktari wa mifugo anayeweza kuwatibu. Eunan alimwambia hapana, akawapakia wote kwenye basi. Kisha alirudi, akachomoa risasi ya pili kutoka mfuko wa koti la Ruane, akaweka zote mbili juu ya robota pamoja na bunduki.

"Mbwa wawili, risasi mbili," alisema. "Nipo barabarani. Nikikuta hesabu nyingine, msiniite kubeba jeneza."

Tuliwafunga kwenye ukuta wa mawe nyuma ya banda. Walikaa bega kwa bega. Tess alimlamba Cap mdomo.

Ruane alijaza bunduki, akainua, akashusha. Akainua tena. Mtutu ulikuwa unachora hewani.

"Siwezi," alisema. "Mungu anisamehe, siwezi. Nipigie wewe."

"Kwa mkono upi? Si umeuvunja?"

Aliutazama mkono wangu, uliokuwa umeshavimba, kama vile ndiyo kwanza anauona. Halafu akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alipiga magoti mbele yangu, akanipa mgongo, akaiweka mitutu juu ya bega lake la kulia na kuishika pale kwa mikono miwili ili isitikisike. Kitako kilinifikia kifuani. Kidole changu cha kushoto kilitosha kwenye kifyatulio. Sikio lake lilikuwa karibu na chuma kiasi cha upana wa kiganja.

Tess nilimpiga mara moja tu. Ukuta ulirushiwa damu, Cap akaruka mpaka kamba ikamkaba, kisha akatulia na kunitazama. Ruane alitikisika mwili mzima lakini bega halikusogea. Damu ilikuwa inamtoka sikioni.

"Imebaki moja," alisema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo viziwi. "Najua unachofikiri. Ukitaka kuisogeza bunduki nyuma mpaka kisogoni kwangu, isogeze. Sitainuka. Lakini huyo mbwa atabaki hai, na alfajiri atapanda tena, na safari hii ni kondoo wa mwingine."

Nilitaka. Nasema bila aibu, nilitaka kuliko nilivyowahi kutaka chakula. Nilikiona kisogo chake, mvi zake, mkunjo wa shingo, na nilimwona Lorcan chini ya genge na yule mbwa amelala juu ya kifua chake kwa siku mbili bila maji. Mtu aliyeniulia mume alikuwa magotini, na kiumbe aliyemlinda mume wangu alikuwa ukutani, na risasi ilikuwa moja. Nilisogeza mtutu. Ruane alihisi, akafumba macho.

Cap akalia kidogo. Alikuwa anasubiri amri.

Nikaurudisha mtutu mahali pake. Nikapiga mluzi mrefu unaoshuka chini, na Cap akalala palepale, kidevu juu ya miguu, macho kwangu, kama alivyolala kila siku ya maisha yake nilipomwambia. Nikavuta.

Ruane alichimba shimo moja kwa wote wawili, mimi nimekaa kwenye robota na mkono mapajani. Asubuhi yake alikata seng'enge ya lango kwa mkono wake mwenyewe. Sasa wageni hupita hapo kwenda ziwani, na huniuliza yule mbwa mashuhuri yuko wapi, nami huwaambia kuna chai.

Sijamsamehe. Ila sikio lake la kulia halijasikia tena tangu siku ile, na tukikutana njiani sikio hilo likiwa upande wangu, mimi humweleza habari za Lorcan: alivyopenda chai nyeusi, alivyoimba vibaya, alivyokuwa akirudi jioni na mbwa mdogo ndani ya koti. Ruane hupunguza mwendo, anatikisa kichwa taratibu mpaka nimalize, na hajawahi kunigeuzia lile sikio linalosikia.