Mdomo Usiodondosha

Chombo chenye sura mbaya hunikera, na sioni haya kusema. Ndiyo maana siku mama mwenye hoteli alipoingia kwenye karakana yetu akasema anataka birika la kuweka mezani mbele ya wageni, si la kufichwa jikoni, niliruka kabla dada yangu hajafungua kinywa.

"Nitakuchorea mimi, mama."

Dada alinitupia lile jicho lake. Baba alipofariki karakana ilibaki mikononi mwake, na miaka yote hiyo tulikuwa tukitengeneza sufuria na mabirika ya aluminiamu ya umbo moja tu, mafupi, manene, yamekaa kama watu walioshiba wakashindwa kuinuka. Kwa dada, chombo kikishachemsha maji na kudumu, kimemaliza. Mimi naona kitu unachokishika kila asubuhi kina wajibu wa kukufurahisha kidogo.

"Sawa, chora," dada alisema yule mama alipoondoka. "Lakini tusikilizane. Likikataliwa, penseli unaweka chini. Unarudi kwenye nyundo na sufuria kama sisi wengine, na sitaki kusikia tena habari za maua na mikunjo."

Nikakubali. Kiburi kilinijaa mpaka kooni.

Birika nililolitoa lilikuwa na tumbo la mviringo, shingo nyembamba iliyopinda taratibu, na mshikio uliojaa kiganja vizuri. Kazi ya mwisho ilikuwa ya shemeji yangu, mume wa dada. Tulimwita Kioo, kwa sababu chombo kikipita mikononi mwake unaweza kujitazamia humo ukichana nywele.

"Shemeji," aliniambia akilifuta, "hili likifika hotelini wageni watasahau chai, wabaki kujitazama."

"Ukijitazama wewe utalidondosha kwa woga."

Alicheka mpaka akaweka kitambaa chini. Dada hakucheka.

Tulilipeleka sote watatu. Mama mwenye hoteli alilizungusha, akalisifia mpaka nikaanza kutafuta pa kuweka uso wangu. Kisha akamimina chai kwenye kikombe juu ya kitambaa cheupe cha meza. Alipoliinua, tone moja likashuka chini ya mdomo wa birika, likateleza shingoni bila haraka, likaanguka. Doa la kahawia likatanuka pale mezani huku sote tukilitazama.

"Zuri mno," alisema kwa upole. "Lakini nitakuwa nafua vitambaa mchana na jioni. Nileteeni jingine mwisho wa wiki. Likidondosha, nitanunua kwingine."

Njiani dada alisema mabirika yote hudondosha, ndivyo yalivyoumbwa, na ya kwetu ya zamani pia hudondosha, ila jikoni hakuna anayejali. Nadhani alitaka kunifariji. Kwangu ilikuwa kama kumwagiwa maji baridi.

Wiki hiyo nilikuwa mtu wa kuogopwa. Nilirefusha mdomo, birika likadondosha. Nikaufupisha, likadondosha. Nikaupinda juu, likadondosha, tena kwa mbwembwe. Kila lililonishinda Kioo alilisugua zaidi, kwa huruma, akiamini uchafu kidogo uliobaki ndio unaoniharibia. Ukingo wa mdomo ukawa laini kama sabuni iliyotumika. Chai ikazidi kuupenda. Ilifika ukingoni, ikageuka, ikaufuata mgongo wa mdomo na kushuka nao chini.

Asubuhi ya siku ya mwisho Kioo hakuja. Jino lilikuwa limemvimbisha shavu. Birika la mwisho lilikuwa juu ya meza, chafu, lina alama za nyundo, mdomo umekatwa tu kwa mkasi wa bati. Kwetu chombo ambacho hakijasuguliwa hakiguswi na maji. Baba alikuwa mkali kwa hilo: kila ukingo ulainishwe kwanza, usije ukamkata mtu. Hata kujaribu tulijaribu vilivyokamilika tu. Lakini nilikuwa nimekata tamaa, nina kiu, na mabirika yote mazuri yamepangwa kwenye kasha. Nikatia chai katika lile chafu, nikamimina.

Nikasubiri tone. Halikuja.

Nikamimina tena, nikakatiza katikati, nikamimina ovyo, nikamimina kwa mkono wa kushoto. Chai ilifika kwenye ukingo ule mkali ikakatika hapo hapo. Nilipiga kelele. Dada alikuja mbio akidhani nimejikata.

"Ni sisi!" nikamwambia. "Ni sisi wenyewe tunaoyaharibu! Tukilainisha ukingo, chai inapata njia ya kurudi. Ukiwa mkali, haina pa kushika."

Dada alimimina mara moja. Kisha akapitisha kidole kwenye mdomo, akakionyesha. Palikuwa na mkwaruzo mwekundu.

"Na hii je? Mtu akiosha chombo usiku wa manane nusu amelala? Baba alikuwa na sababu yake."

Nilitaka kufoka, ila alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililoniudhi. Nikalichukua birika nikakaa nalo. Nikauinamisha mdomo kidogo kuelekea chini, kama jani linalolemewa na maji. Juu nikaulainisha wote, mahali vidole vinapopita. Ule ukingo mkali ukabaki chini kwenye ncha, mwembamba, umejificha pale ambapo mkono hauna safari. Na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sikukitafuta: ule mwinamo ulikuwa mzuri kuliko mapambo yote niliyowahi kuchora. Birika zima lilionekana kama linakukaribisha.

Dada alilisugua kwa sponji, nje, ndani, kila upande, akiwa amefumba macho makusudi. Akakagua mikono. Mizima.

Kioo aliburutwa kutoka kitandani, shavu limefungwa kitambaa.

"Sugua lote," nikamwambia, "lakini ncha hiyo usiiguse."

"Niache kazi nusu? Watu wataniambiaje?"

"Shemeji, ukiigusa, hilo jino nitaling'oa mwenyewe."

Hakuigusa.

Hotelini walikuwa wametandika kitambaa kipya. Mama mwenye hoteli alijaza kikombe cha kwanza, akasimamisha birika hewani. Sote tulilitazama tumbo lile linalong'aa kwa chini. Akajaza cha pili na cha tatu, akikatiza katikati kwa makusudi. Akapitisha kidole chini ya mdomo, akakitazama. Kilikuwa kikavu. Kitambaa kilikuwa cheupe kama kilivyotoka kwenye pasi.

"Nataka ya meza zote," alisema. Akalirudisha mezani, akalisogeza kidogo ili mwanga ulipate, kama mtu anayepanga maua. "Nani amelibuni?"

Nilijiandaa kujibu. Kwa kujibu mimi sijambo. Lakini dada alinitangulia.

"Mdogo wangu," alisema. "Yeye ndiye mchoraji wetu. Kuanzia sasa hakuna chombo kitakachotoka karakana yetu kabla hajakichora yeye."

Alisema bila kunitazama, akinyoosha kona ya kitambaa ambayo haikuwa na mkunjo wowote. Kioo alijaribu kushangilia, jino likamkatalia. Na mimi, furaha ilinipanda kifuani. Nikavuta kikombe nikanywa. Chai haikuwa na sukari, na sikugundua mpaka nilipofika mwisho.