Inchi Mbili za Lucius

Ozella Grimes ndiye aliyemfundisha Lucius Tarpley kucheza mpira wa kikapu. Hivyo ndivyo anavyowaambia watu kanisani hapa Anderson, Indiana, tena bila kupepesa macho. Kisha, kwa kuwa Mungu naye yumo humo kanisani, huongeza: "Kwa kweli nilikuwa nampikia tu. Mpira alijifundisha mwenyewe, na wapo wasemao hakumaliza somo."

Lucius ni mtoto wa marehemu mdogo wake. Alicheza misimu kumi na mmoja katika ligi kubwa, kwenye timu sita, na benchi za timu zote sita zinayajua makalio yake vizuri. Vitabu vya ligi vilimwandika futi sita na inchi tisa, maana mrefu husajiliwa na mfupi hupewa mkono wa kwaheri. Ili asiviaibishe vitabu, Lucius alizoea kuinama kila mlangoni. Mlango wa benki, anainama. Mlango wa kanisa, ambao twiga angepita na kofia, anainama.

Jumamosi hiyo alikuja na kopo la rangi nyeupe.

"Mamkubwa, mlango wako wa jikoni umechakaa."

"Umechakaa tangu unanyonya. Leo ndiyo umeuona?"

"Nataka kukusaidia tu."

Ozella alimtazama. Mtu huyu hajawahi kuosha hata kijiko. Lakini alikuwa na viazi vitamu vya pai vya kumenya, akaenda kuvimenyea kibarazani. Aliporudi, miimo yote miwili na kizingiti cha juu vilikuwa vyeupe kama meno ya bandia, na alama za penseli za kimo cha Lucius zimezikwa. Mama yake Lucius ndiye aliyeziandika, moja kila siku ya kuzaliwa ya mwanawe, hadi ile ya mwisho, alipotimiza miaka ishirini na miwili: futi sita na inchi saba.

Ozella alipitisha kidole kwenye rangi mbichi, mahali penye mwandiko wa mdogo wake. Kidole kikarudi cheupe. Akaiweka pai jikoni iive.

Saa kumi alifika Wendell Mabry, seremala, aliyecheza na Lucius shuleni. Jumatatu angeanza kuchora picha ya Lucius kwenye ukuta wa ukumbi wa michezo wa shule yao, kwa kimo chake kamili, watoto wapate kujipima nayo.

"Nasikia mlango huu una kumbukumbu," alisema.

"Ulikuwa nazo," Ozella akajibu.

"Andika sita na tisa, ndugu yangu," Lucius alisema kutoka kwenye kochi la sebuleni. "Imo kitabuni."

"Kitabuni wamekuandika pia kuwa unajua kukaba. Simama nikupime."

"Mimi si ng'ombe wa maonyesho."

Wendell akaguna, akarudisha tepu mfukoni. Bila ushahidi, ukuta ungesema sita na tisa milele. Lucius akanyoosha miguu, akatabasamu kama aliyefunga kikapu cha ushindi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Ozella aliitoa pai, akaikata polepole.

"Wendell, njoo jikoni. Lucius anasema hana njaa. Kula na kipande chake."

"Nani kasema?"

Lucius aliruka kutoka kwenye kochi, akapita mlango wa jikoni mbio, wima kama mlingoti wa bendera, akaidaka sahani kabla uma wa Wendell haujatua.

Wendell aliutazama mlango, akamtazama Lucius.

"Mlango huu niliupima mimi nilipoubadilishia ubao," alisema. "Futi sita na inchi nane, kama milango yote ya mtaa huu."

"Inama, mwanangu," Ozella alisema. "Hapa ndipo pa kuinama."

Akakipangusa kipara cha Lucius kwa kitambaa cheusi, mbele hadi kisogoni, akakikunjua kitambaa mezani mbele ya wote. Rangi ya kizingiti ilikuwa bado mbichi, lakini kitambaa hakikuwa na hata tone jeupe.

"Nilipita nimeinama," alisema Lucius, pai imemjaa mdomoni.