Masikio ya Nereida

Siku hizi uani petu, hapa Matanzas, kila mtu kajifungia na simu yake. Zamani, msichana akitimiza miaka kumi na mitano na kufanyiwa sherehe yake kubwa, nani angekaa kwake? Mpiga picha alikuja na mabegi ya magauni ya kukodi, chumba cha huyu kikawa cha kuvalia, cha yule cha kukaangia, na sisi wanawake tukajaa milangoni na vikombe vya kahawa, tukimsema kila apitaye.

Ndivyo ilivyokuwa siku ya Yumisel, mjukuu wa shoga yangu Nereida. Gauni la tatu, la samawati, lilitaka nywele zibanwe juu. Binti akagoma.

"Nibandike masikio kwa gundi, Evelio," alimwambia mpiga picha. "Au ukayafute kwenye kompyuta."

"Masikio gani tena, mwanangu?" nikauliza, ingawa macho ninayo. Yalisimama kama mishikio ya sufuria.

"Haya, mama Cacha! Kwetu hakuna mwenye masikio hivi. Nimepekua albamu nzima. Sijui nimeyaokota wapi."

Nereida alikuwa anapiga pasi gauni la nne. Mkono ukasimama.

Alijua kwa nini mjukuu hakuyaona. Albamu ile imejaa matundu. Kila penye uso wake mwenyewe, Nereida alikata kwa mkasi wa kucha. Siku yake mwenyewe ya miaka kumi na mitano, mpiga picha wa enzi hizo alimbandika masikio kwa gundi, la kushoto likachomoka taa ya kamera ilipowaka, na ua mzima ukaangua kicheko. Mimi nilicheka kuliko wote. Tangu hapo hakuvua kitambaa kichwani. Yumisel alidhani bibi yake anaogopa upepo.

Picha za siku yake hiyo alikuwa ameshatugawia marafiki, kila moja na maneno nyuma, kama ilivyo desturi. Akapita mlango kwa mlango kuzidai, akazichana. Yangu nilimwambia imepotea.

Nikaenda chumbani, nikaitoa kwenye kopo la biskuti. Sikumpa binti. Nilimpa Nereida.

"Uliniambia imepotea, mwongo mkubwa we!"

"Nilikudanganya. Ni yako. Chana ukitaka."

Akaitazama. Akaitazama tena.

"Nereida, gauni linaungua!" mtu akapiga kelele. Hakugeuka.

"Mbona nilikuwa mzuri hivi?" alisema kwa hasira, kama mtu aliyeibiwa. "Miaka arobaini na sita, Cacha! Na hakuna aliyeniambia!"

"Tulikwambia, shoga. Masikio yote hayo na hukusikia."

"Ulicheka."

"Nilicheka. Nisamehe."

Nikadhani atanizaba kofi. Badala yake alifungua kitambaa, akabana mvi zake utosini kwa vibanio vya mjukuu. Yumisel akamkodolea macho, akajigusa sikio.

"Bibi! Kumbe ni yako!"

"Ni yangu, na nilikunyima kuyajua. Sogea hapo." Akaketi karibu naye, na vazi lake la nyumbani na ndala. "Nikifika tisini nitaiangalia picha ya leo niseme, loo, nilikuwa mzuri. Sasa nisubiri nini? Nasema leo leo. Evelio, piga! Ukifuta hata unywele mmoja, nakufuta wewe."

Gauni la nne lilikuwa na tundu la pasi mgongoni. Yumisel alilivaa hivyo hivyo, akipigwa picha kwa mbele tu, nywele juu.

Binti yuko ng'ambo sasa, na Nereida tulimzika mwaka juzi. Picha yangu bado ninayo. Nyuma, kwa mwandiko wa kisichana, imeandikwa: "Kwa Cacha. Usimwonyeshe mtu." Maneno hayo yamepigwa mstari, na chini yake, kwa kalamu ya siku ile ya Yumisel: "Mwonyeshe umtakaye."

Nami mnanijua. Mlango wangu uko wazi na kahawa iko jikoni; yeyote apitaye namwita aingie aione.