Upana wa Kidole Gumba

Kokubanza alizaliwa na macho mawili mazima, ila hayakupatana. La kulia likimtazama mtu, la kushoto lilitazama mgomba ulio nyuma ya mtu huyo. Kwao Kibeta walisema ana makengeza, basi, wakaishia hapo, kwa kuwa siafu akipita mbali alimwona na katekisimu aliisoma bila kuruka herufi. Alichokikosa hakikuonekana kwa nje. Dunia nzima mbele yake ilikaa kama picha iliyotundikwa ukutani kanisani: kikombe, mkono, mgeni, mlango, vyote vimebandikwa kwenye ubao mmoja. Kipi kiko karibu na kipi kiko nyuma kidogo, hapo hapo mbele ya mikono yake, ilibidi akitafute kwa akili.

Na akili alikuwa nayo. Aligundua kwamba kidole na kivuli chake hukutana pale tu kidole kinapogusa kitu. Aligundua kwamba ukipeleka kichwa huku na huku, kitu cha karibu hukimbia upesi na cha mbali hujivuta. Hilo alilipata kwa kuku wa mama yake. Alihesabu mistari ya mkeka. Alisikiliza. Kwa hila hizo alimenya ndizi, akatia uzi kwenye sindano, akateka maji. Mara nyingine alifumba jicho moja kujaribu, na hakuna kilichobadilika. Mpaka anakuwa mwari alidhani watu wote wanaona hivyo, ila wenzake wamezoea zaidi.

Mwaka ule nzige walipopita akaolewa na Clavery wa Kamachumu. Baba mkwe wake, mzee Ishengoma, alikuwa mtu wa utaratibu. Bibi harusi akitoka ndani, siku ya kwanza kuonekana na ukoo, huwamiminia wazee rubisi, pombe ya ndizi, kwa mkono wake. Na katika nyumba ile kulikuwa na sheria: mdomo wa kibuyu cha kumiminia usiguse kibuyu cha kunywea cha mzee. Kugusa, alisema Ishengoma, ni kumpimia mzee kama mtu anayepimiwa chumvi sokoni.

Sheria hiyo ilimnyang'anya Kokubanza njia yake kubwa, maana kwao alikuwa akigusisha kwanza, anasikia tik, ndipo anamimina. Akaanza kujifundisha upya. Wiki nzima, nyuma ya nyumba, alikaa na kibuyu cha maji na mkeka ule ule ambao ungetandikwa siku hiyo, mkeka wa mafundo meusi. Aliweka kibuyu kidogo juu ya fundo la tatu, akapiga goti kwenye fundo la saba, akamimina. Mara mia. Mara mia mbili. Mwisho hakumwaga hata tone.

Wifi yake Jovita, aliyekuwa amemwacha mume na kurudi nyumbani, alikuwa akipita pale na ufagio wake.

"Unamwagilia mkeka uote?" alimwuliza.

"Najifundisha, wifi. Kikiwa kwenye fundo hili sikosi."

Alimwambia kwa mdomo wake mwenyewe. Hilo ndilo lililomchoma miaka yote.

Siku ilipofika alipiga goti kwenye fundo la saba, akainua kibuyu, akamimina, na rubisi yote ikaingia kwenye mapaja ya Ishengoma. Kanzu ilikuwa mpya, nyeupe, imenunuliwa Bukoba mjini kwa ajili ya siku hiyo. Kokubanza akainamisha kichwa na ndipo akaona: juu ya fundo la tatu palikuwa na duara la unyevu, pale kibuyu kidogo kilipokuwa kimekaa mwanzo. Kibuyu chenyewe kilikuwa kimesogea upande wake, upana wa kidole gumba.

"Mtu amekisogeza," alisema.

"Kibuyu kina miguu?" Ishengoma aliuliza, akikung'uta kanzu.

Jovita alicheka kwanza, wengine wakafuata. "Macho mawili na bado anawanyeshea wazee. Angekuwa na moja tungekuja na miavuli."

Toka siku hiyo kibuyu cha kumiminia kikawa cha Jovita. Kilining'inia kwenye nguzo ya katikati, kimepakwa samli kiking'aa shingoni, na aliyekishika ndiye aliyeketi mbele ya wageni, akasikia habari zote na kuulizwa neno. Kokubanza alibaki jikoni na ndizi. Walimpa jina, Mvua ya Kibeta. Kahawa ikiwa imeanikwa uani naye akipita, Jovita aliita, "Mvua hiyo inakuja, funikeni." Hata watoto walijifunza. Clavery hakuwa mtu mbaya, ila kila mara alisema, "Liache, mama, ni jambo dogo." Lilikuwa dogo kweli. Lilikuwa na upana wa kidole gumba, na Kokubanza alilitunza miaka kumi na minane kama mtu anavyotunza mbegu, pakavu, mbali na panya.

Kisha binti yake wa kwanza, Immakulata, akapata mchumba wa Maruku, na mzee Rweyemamu akatuma ujumbe kwamba angekuja na ndugu zake kumposea mwanawe kabla mavuno ya kahawa hayajaisha. Kokubanza alienda kwa baba mkwe, akapiga goti, akamwita kwa heshima.

"Waitu, siku hiyo nipe kibuyu. Anayeposwa ni binti yangu. Mama ndiye humimina."

Ishengoma alikuwa mzee sasa, mkongojo mkononi. Alitafuna kahawa yake pole pole. "Mama mwenye mikono inayotulia, ndiyo. Jovita atamimina."

Jovita alikuwa pale pale mlangoni. "Mvua ikinyesha ndani, wageni tutawaanika wapi, wifi?"

Kokubanza aliinuka, akasema asante, akarudi jikoni.

Siku nane kabla ya wageni, Jovita akichuma kahawa alivuta tawi, likamponyoka, likamrudia usoni. Jicho la kushoto likavimba kama tunda. Sista wa zahanati ya misheni alilisafisha, akalifunga kitambaa kizito, akamwambia asifungue kwa wiki tatu. Jovita alirudi akilalamika njia nzima, ila alikuwa anaona na lile lingine vizuri kabisa, na kazi zake hakuziacha.

Kesho yake walikuwa wakimenya ndizi pamoja. Jovita alinyoosha mkono kuchukua kisu kilichokuwa mbele yake kwenye jani. Vidole vikafumba hewa. Akanyoosha tena, akakipata. Baadaye akachovya mkono ndani ya sufuria kuweka ndizi, ndizi ikaanguka nje ya ukingo. "Jicho hili linanitia wazimu," alisema, akacheka.

Kokubanza alibaki na ndizi mkononi, nusu imemenywa, utomvu ukimkaukia vidoleni. Alikuwa ameona jinsi mkono ule ulivyokosa, na umekosa kwa kiasi gani. Alikujua kukosa kule kama anavyoijua njia ya kisimani. Kumbe ndivyo. Kumbe wenzake hawakuwa wamezoea tu. Walikuwa na kitu macho mawili yanapotazama pamoja, kitu ambacho yeye hakuwahi kupewa hata siku moja, na Jovita alikuwa amekipoteza jana bila kujua kwamba amekipoteza.

Angeweza kumwambia pale pale. Alimalizia kumenya ndizi yake, akachukua nyingine.

Maandalizi aliyafanya yeye, kwa kuwa kazi za nyuma ndizo zilikuwa zake na hakuna aliyeziangalia. Mkeka wa mafundo meusi aliutandika, kisha juu yake akatandaza kitambaa cheupe cha meza kisicho na ua wala mstari. Vibuyu vya kunywea akavitundika, akaazima kwa jirani vikombe vyeupe vya bati. Jovita akaja kukagua, mkono kiunoni.

"Hapo umefikiri, wifi. Watu wa Maruku ni wastaarabu."

"Nyeupe juu ya nyeupe inapendeza," Kokubanza alisema.

Viti vya wageni akavisogeza ndani, ili anayemimina awe ameupa mlango mgongo na mwili wake mwenyewe uzibe mwanga. Wanawake wa jirani akawaambia rubisi ikiingia tu waimbe, tena wapige makofi kwa nguvu. Immakulata alikuwa akimsaidia kukunja majani. Alimtazama mama yake kwa muda.

"Ma, shangazi jicho lake halijapona. Asimimine mtu mwingine?"

"Ana moja zima."

"Na akimwaga?"

"Mimi nilikuwa na mawili," Kokubanza alisema. "Niletee kile kitambaa kingine."

Wageni walifika jua likiwa limepanda, saa nne hivi. Rweyemamu alikuwa mtu mnene, mcheshi, kanzu yake imepigwa pasi mpaka mikono. Salamu zilikwenda na kurudi, kahawa ya kutafuna ikapita, kisha Jovita akaingia na kibuyu. Alipiga goti kwa madaha. Makofi yakaanza, wanawake wakaimba. Rweyemamu akaonyesha heshima: akakishika kikombe chake mwenyewe, vidole viwili kwenye kitako, akakinyoosha mbele.

Kokubanza alisimama penye pazia la jikoni. Hakugusa kitu. Aliona shingo ya kibuyu ikishuka na alijua, kabla tone halijatoka, kwamba imekipita kikombe.

Rubisi ilimiminika nyuma ya kikombe moja kwa moja, kamba nene ya rangi ya dhahabu, ikajaa kwenye mapaja ya Rweyemamu, ikashuka mpaka kwenye viatu. Jovita aliona kikombe bado kitupu, akashangaa, akazidisha kumimina. Nyimbo zilikatika moja moja.

"Mtu amekisogeza," Jovita alisema.

"Amekisogeza nani, mama?" Rweyemamu alisema. "Ninacho hapa. Nimekishika toka mwanzo."

Hakuna aliyecheka. Ishengoma alikuwa amegeuza kichwa, anamtazama binti yake, na mkongojo umesimama hewani.

"Maneno hayo nimeyasikia ndani ya nyumba hii," alisema. "Zamani."

"Ukanijibu kibuyu hakina miguu, Waitu," Kokubanza alisema kutoka penye pazia.

Mzee alimnyooshea binti yake mkongojo. "Jovita. Kikombe kiko mkononi mwa mgeni. Mtu gani humwaga rubisi akafikiri kwanza kwamba kimesogezwa?"

Jovita aligusa kitambaa cha jichoni. "Ni jicho, Tata. Ni hili jicho."

"Lile lingine linaona sana," Kokubanza alisema. "Jana ulimwona mwizi wa ndizi toka kilimani."

Rweyemamu, aliyekuwa amelowa lakini hana hasira, akafunika jicho lake kwa kiganja, akanyoosha kidole kugusa ncha ya mkongojo wa Ishengoma. Akapita pembeni. Akajaribu tena, akapita tena. "Ajabu," alisema. Ishengoma naye akafunika lake, akajaribu, akakosa, na wazee wawili wale walibaki wanachomana hewani na vidole kama watoto. Kisha Ishengoma akashusha mkono. Alimtazama Kokubanza, jicho moja la mkwewe likimtazama yeye na jingine ukuta.

"Miaka yote hii," alisema.

"Kumi na minane, Waitu."

"Mpe kibuyu."

Jovita alikitoa bila kuinua uso. Kokubanza hakufanya haraka. Alikunja kitambaa cheupe, kwa kuwa kimelowa, mafundo meusi yakatokea. Akaomba radhi, akahamia upande, mwanga wa mlango ukaingia na kila kikombe kikapata kivuli chake. Akamimina sita, mpaka ukingoni, bila kugusa, bila tone. Cha saba akamimina cha Jovita, kikajaa mpaka rubisi imevimba juu ya mdomo, akakiweka mbele yake.

"Karibu, wifi."

Watu wote walitazama. Jovita alinyoosha mkono, vidole vikafumba hewa.

Uchumba ulipita. Rweyemamu aliondoka na kanzu ya Clavery, akicheka mpaka barabarani. Kibuyu kilirudi kwenye nguzo, na samli ya shingoni sasa ilipakwa na Kokubanza.

Kitambaa kilipofunguliwa, jicho la Jovita lilikuwa limefanya utando mweupe, na Sista alitikisa kichwa. Mwezi mmoja aliangusha vitu, akajikata, akamwaga. Ndipo siku moja akaja jikoni, akakaa chini kwenye majani, mahali pa Kokubanza pa zamani.

"Wifi, nifundishe. Wewe unafanyaje?"

Kokubanza aliendelea kumenya. Alifikiria kivuli, ambacho hukitumia bila mtu kujua. Alifikiria mistari ya mkeka. Alifikiria tik.

"Tazama kuku," alisema. "Kabla hujashika kitu, peleka kichwa huku na huku. Kwa nguvu. Usione haya."

Na ilikuwa kweli, hakumdanganya. Jovita alijaribu, akashika kisu mara ya kwanza, akashukuru mpaka machozi.

Toka hapo ndivyo alivyoishi. Sokoni, kanisani anapopokea komunyo, mbele ya wageni, kabla ya kila kikombe na kila kizingiti, shingo huku, shingo huku. Watoto wa Kamachumu walimfuata nyuma wakimlilia kama tetea. Alipoingia kwenye karamu, kichwa kikicheza kutafuta kikombe, Kokubanza alikuwa ameketi mbele na kibuyu chake, anamimina, anakitazama kivuli, na hila hiyo hakuwahi kumwambia.