Kisima cha Mchangani

Pampu ya majaribio ilikuwa imenguruma siku mbili mfululizo. Asubuhi ya siku ya tatu Jenifa aliinama juu ya ndoo, akachovya kipimo chake cha chumvi, akasoma. Akakifuta kwa pindo la shati, akachovya tena. Miligramu elfu mbili mia nne kwa lita. Siku ya kwanza kilisoma mia tisa.

Kisima kilikuwa kinavuta maji ya bahari.

Saa nne wageni wa wizara wangefika hapa Mchangani, kitongoji cha upande wa Mkwaja, kukagua eneo la kituo cha haidrojeni ya kijani, gesi inayopatikana kwa kuyapasua maji kwa umeme wa jua na upepo. Serikali ilikuwa tayari kusaidia: barabara, njia ya umeme, chuo cha mafundi. Ilitaka kwanza uhakika wa maji yasiyo na chumvi nyingi. Eneo likishindwa, msaada ungehamia mkoa mwingine.

Mhandisi Zebedayo, msimamizi wa mradi aliyemwajiri Jenifa kupima maji, alilipokea daftari lake la vipimo bila kushuka garini.

"Siku ya kwanza uliandika mia tisa?"

"Ndiyo."

"Basi soma hiyo. Si uongo, ulipima mwenyewe."

"Na za jana na leo?"

"Zitaingia kwenye ripoti kamili. Wageni wana nusu saa tu." Akamrudishia daftari. "Mkataba wako unakwisha mwezi huu, Jenifa. Anayesema nani aendelee ni mimi."

Aliyasema hayo kwa upole, na upole ule ndio uliomtia Jenifa hofu.

Akaenda kwa Bi Semeni, mwenyekiti wa kamati ya maji, ambaye kisima chake kilikuwa hatua mia mbili tu kutoka kwenye pampu. Alimkuta uani akitandika mikeka ya wageni.

"Shikamoo, Bi Semeni."

"Marahaba, mwanangu. Umekunywa chai?"

"Bado. Naomba nionje maji ya kisima chako."

Mikono ya Bi Semeni ikasimama. "Ya nini?"

"Yamebadilika?"

Mama yule akatupa jicho barabarani kwanza. "Tangu jana adhuhuri. Hata wali haukulika. Nimewaambia watu wa nyumbani wanyamaze." Akashusha sauti. "Mwanangu Badru ana cheti cha kuchomelea vyuma, na kazi yake ni kuchoma mkaa. Kituo kikija atapata kazi. Maji tutayafuata mbali, kutembea tumezoea. Usituharibie. Wewe utarudi kwenu Lushoto, sisi tutabaki hapa hapa."

Jenifa alikuwa amejiandaa kushindana na Zebedayo. Kwa hili hakujiandaa.

"Kituo kikianza, pampu haitazimwa tena, mama," alisema mwishowe. "Siku mbili tu, chumvi imefika kwako. Mwaka mzima itafika wapi?"

Bi Semeni akaendelea kunyoosha mkeka uliokwisha kunyooka.

Wageni walifika kwa magari matatu. Kiongozi wao, Robert, alikuwa mtu mfupi asiye na maneno mengi. Zebedayo alieleza vizuri, watu wakapiga makofi, kisha akasema, "Fundi wetu atawasomea kipimo."

Jenifa akalifungua daftari.

"Mia tisa," alisema.

"Ahsante," Zebedayo akadakia.

"Hiyo ni ya siku ya kwanza, saa mbili asubuhi. Saa kumi jioni, elfu moja na mia mbili." Akaendelea kusoma, saa baada ya saa, mpaka elfu mbili mia nne. Hakuthubutu kuinua macho. Nyuma kijana mmoja akauliza, "Huyu katumwa na nani?" na minong'ono ikaenea mikekani.

Robert akanyoosha mkono, watu wakanyamaza. "Kuna kisima kingine karibu?"

Jenifa alilijua jibu, lakini hakuwa na ruhusa ya kulitoa.

Bi Semeni akasimama. "Kipo changu. Kimeingia chumvi tangu jana." Akaketi, bila kumtazama Jenifa.

Siku ile hakikusainiwa kitu. Robert alisema kituo kingelazimika kuvuta maji ya bahari na kuyachuja chumvi, na kwamba angelirudisha suala hilo Dodoma, ahadi hakutoa. Zebedayo aliondoka bila kumuaga mtu, na Jenifa akapanda bodaboda hadi Pangani na begi lake mgongoni. Watu wawili watatu aliowaaga hawakumjibu.

Ilipita miezi mitatu bila kazi. Kisha Bi Semeni akapiga simu.

"Maji ya kisimani yameanza kupungua chumvi," alisema. "Na kuna watu wa serikali wako ufukweni, wanatafuta pa kupitisha bomba la kuvuta maji ya bahari."

"Na Badru?"

"Kaenda Tanga kuhangaika. Hapa wapo wasionisalimia mpaka leo."

"Pole, mama."

"Pole iache. Hao wa bomba wanataka mtu wa kuwapimia maji. Nimewapa namba yako. Wakipiga, pokea."